Darasani nimekuwa bubu, nyumbani wanajua nang'ara

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini, kwetu ni Muheza, mkoa wa Tanga. Tangu Agosti niko Ohio, Marekani, mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Nakuandikia saa nane za usiku nikiwa kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya bweni, maana ninayelala naye chumba kimoja ameshaniona nikilia mara mbili na sitaki iwe ya tatu.

Kidato cha sita nilisoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, nikapata Divisheni wani. Mwalimu wangu wa Jiografia alinisaidia kuomba vyuo vya nje, na kimoja kikanikubali. Siku chache baadaye ikaja barua ya pili: nimeteuliwa kuingia programu yao ya onazi, yaani lile kundi dogo la wanafunzi ndani ya chuo kikubwa wanaopewa madarasa yao ya peke yao, na kwa kuwemo humo ningelipiwa sehemu kubwa ya ada. Bila fedha ile nisingeweza kuja. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Aliisoma barua kwa sauti mara tatu, mara ya mwisho barazani watu wakiwepo. Aliuza nusu ya shamba la michungwa, tukalipa dola 350 za SEVIS (ada ya kumsajili mwanafunzi mgeni Marekani), ada ya viza na tiketi; kilichopungua walichanga msikitini. Nilipoondoka nilisomewa dua. Mtaani wanasema binti wa mwalimu anasoma shahada ya heshima.

Kabla ya safari nilihudhuria semina ya maandalizi Dar es Salaam, siku nzima. Nilitoka nikijua I-20, ile hati ya chuo ya kuombea viza, inakaa begi la mkononi, kwamba kazi ni ndani ya chuo na isizidi saa ishirini kwa wiki wakati wa masomo, habari za koti la baridi, bima na laini ya simu. Yote yamenifaa, siwalaumu. Lakini hakuna aliyenieleza habari ya meza.

Semina ya onazi tunakaa watu kumi na sita kuizunguka meza moja. Profesa anakaa kati yetu kama mwanafunzi. Anauliza swali moja, kisha ananyamaza, na wenzangu wanaanza. Hawanyooshi mkono. Wanampinga. Wengine wanamwita kwa jina lake la kwanza, mama mwenye mvi! Asilimia 30 ya alama ni kushiriki. Mimi wazo linanijia kwa Kiswahili, nalijenga kwa Kiingereza, nalikagua lisiwe na kosa, na nikiinua uso wao wameshahamia jambo jingine. Wiki ya sita tulizungumzia maziko: maiti ni ya nani, ya mke, ya serikali au ya ukoo? Shangazi, babu yangu alipofariki palikuwa na mvutano usiku kucha kama azikwe Muheza alikojenga au Lushoto alikozaliwa. Nilikuwa na la kusema mpaka kifua kinauma. Mvulana mmoja akasema Afrika mambo haya hayana utata, watu wanafuata mila tu. Wenzake wakaandika. Mimi nikatazama daftari langu.

Katikati ya muhula nikarudishiwa insha ina C, na pembeni profesa ameandika: "Umeeleza vizuri walichosema wengine. Wewe uko wapi?" Kwenye kushiriki nimepata D. Sharti la ufadhili ni GPA, yaani wastani wa alama zote, isishuke chini ya 3.4, na niwemo kwenye onazi. Muhula huu nina krediti 14: hisabati 4, sosholojia 3, uandishi 3 na hiyo semina 4. Masomo mengine naenda vizuri, hisabati ni A. Mwisho wa kuacha kozi bila kuandikiwa alama ni wiki tatu kutoka leo.

Rafiki yangu kutoka Ghana alitoka onazi mwaka jana, anasema sasa anapumua. Binamu yangu aliye Texas tangu 2011 anasema mwajiri haulizi onazi, anauliza digrii, niachane na sifa. Mimi moyoni naona walinichagua kwa makosa. Shuleni nilikuwa msemaji wa mdahalo, lakini ile ilikuwa shule tu.

Na kuna baba. Kila Jumapili ananipigia kuuliza matokeo. Jumapili iliyopita nilimwambia nina A masomo yote. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Alhamdulillahi, shamba limejibu." Tangu siku hiyo silali.

Nitoke onazi? Nibaki niaibike? Nimwambie baba kweli au nisubiri nirekebishe kwanza?

Niliyepoteza sauti, Ohio.

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zilizoitangulia kwa zamu, kwa sababu ina tarehe ndani yake na tarehe haisubiri.

Nikiisoma naona umefunga furushi moja zito: meza, fedha na baba. Unalibeba lote kwa pamoja usiku wa manane kwenye chumba cha mashine za kufulia, na kila ukilinyanyua linakuelemea. Tulifungue. Nianze na kile kinachoweza kukuumiza upesi, hata kama moyoni hakikuumi sana.

Krediti zako ni 14. Ukiiacha semina ya krediti 4, unabaki na 10. Mwenye viza ya F-1 anayesoma shahada ya kwanza anatakiwa awe na krediti zisizopungua 12 kila muhula. Ukibofya kitufe cha kuacha kozi usiku mmoja wa machozi, bila idhini, umetoka nje ya masharti ya kukaa kwako nchini humo, na kurekebisha hilo ni kazi ndefu. Kwa hiyo lolote utakaloamua, usiiguse semina ile kabla ya kwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukaonana na ofisa aliyesaini I-20 yako. Rafiki yako wa Ghana na binamu yako huenda hawakukuambia hili kwa sababu wao hawakuacha katikati ya muhula.

Kuna jambo kwenye kanuni hizo hizo za uhamiaji nataka ulisome polepole. Zinaruhusu ofisa huyo kumpunguzia mwanafunzi mgeni mzigo wa masomo kwa sababu za kimasomo, na sababu zenyewe zimetajwa: ugumu wa mwanzo wa lugha ya Kiingereza, ugumu wa wingi wa kusoma, kutozoea namna ya kufundisha ya Kimarekani, au kuwekwa kwenye darasa la ngazi isiyomfaa. Idhini itoke kabla hujaacha kozi, ubaki na krediti zisizopungua 6, na muhula unaofuata urudi kwenye mzigo kamili. Kwa sababu za kimasomo ruhusa hii kwa kawaida hutolewa mara moja tu katika ngazi hiyo ya elimu, kwa hiyo ukiitumia sasa hutakuwa nayo mwaka wa tatu. Halafu ufadhili wako unaweza kudai uwe mwanafunzi wa mzigo kamili hata kama uhamiaji umekuruhusu kupungua. Hizo ni ofisi mbili na kila moja ina karatasi yake. Nakueleza haya ili uone kwamba kilichokupata ni cha kawaida kiasi cha kuandikwa kwenye kanuni za serikali. Waliokaa kuandika "kutozoea namna ya kufundisha ya Kimarekani" walikuwa wameshaona watoto wengi wa watu wakikaa kimya kwenye meza kama yako.

Sasa meza yenyewe.

Unasema walikuchagua kwa makosa. Hapo naomba tusimame. Huyo aliyekuchagua aliona vyeti vyako, insha uliyoandika na barua za walimu wako. Hakuona ukiongea mezani, wala hakukuahidi kwamba meza itakuwa rahisi. Kilichotokea ni kwamba neno lile moja limebeba maana mbili. Sisi kwetu, na kwa Waingereza tuliorithi kwao, "honours" ni daraja la shahada unalopewa mwishoni baada ya kuhesabiwa alama. Kwa Wamarekani ni mlango unaoingia mwanzoni, na ukishaingia unadaiwa namna fulani ya kusoma: madarasa madogo, kusoma kwingi, kujibizana, na mara nyingi tasnifu mwaka wa nne. Baba anadhani umeshavaa joho. Kumbe umepewa jembe. Na pale mtaani wanaposema "shahada ya heshima", hiyo ni kitu cha tatu kabisa, ile wanayotunukiwa marais na wazee bila kukaa darasani. Umekuwa ukijipima kwa kipimo cha joho wakati uko wiki ya nane ya kulima.

Historia ya meza hiyo inanivutia, niruhusu kidogo. Anayetajwa zaidi katika kuianzisha Marekani ni Frank Aydelotte, rais wa chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, aliyeanza programu ya onazi pale mwaka 1922. Alikuwa kijana wa Indiana, jimbo linalopakana na hilo ulilopo, aliyekwenda kusoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Kule alikuta mwanafunzi anakaa na mwalimu wake, anamsomea alichoandika, anahojiwa, anakitetea. Aliporudi alitaka Wamarekani nao wasome hivyo badala ya kumeza mihadhara, na hata mitihani ya onazi ya Swarthmore ikawa inatungwa na kusimamiwa na watahini wanaotoka nje ya chuo. Kwa hiyo meza inayokutisha ililetwa na mtu aliyekuwa mwanafunzi mgeni ugenini, akashangaa kama unavyoshangaa. Wamarekani hawakuzaliwa nayo, nao ilibidi waifundishwe.

Mimi nimefundisha sekondari miaka ishirini na sita kabla ya kuandika safu hii. Darasa lilikuwa na wanafunzi themanini, kitabu kimoja, kipindi dakika arobaini. Nilijua darasa zuri ni lile lililo kimya. Mtoto aliyeuliza "kwa nini" mara mbili nilimwambia akae, mtihani hauulizi hivyo, na kweli mtihani haukuuliza hivyo. Wewe ni matunda ya mikono kama yangu, na matunda mazuri. Ulipojaza insha yako maneno ya wasomi ulikuwa unatii mafunzo yaliyokupa Divisheni wani. Profesa anapouliza "Wewe uko wapi?" mimi siisikii kama tusi. Naisikia kama mtu aliyefika mlangoni akapiga hodi, akaona viatu viko nje lakini mwenyewe haitiki. Huenda nimekosea, sijamwona usoni. Lakini je, wewe umemwona? Kwenye barua yako yote hakuna mahali unaposema umekwenda ofisini kwake.

Kwao wana saa maalumu za kuonana na wanafunzi, zimeandikwa kwenye silabasi ya kozi. Kwetu kuitwa ofisini kwa mwalimu ni kesi, ndiyo maana wengi wenu hamuendi mpaka muhula unaisha. Kule kutokwenda ndiko kunakosomwa kama kutojali. Ukienda, kuna hatari moja ambayo ningependa uijue mapema: baadhi ya walimu wakisikia kwamba Kiingereza ni lugha yako ya tatu watakuhurumia, watakupunguzia, watakuacha ukae kimya na kukupa B ya upole. Hiyo inaweza kukuokoa alama na kukumalizia sauti. Fikiria kabla hujabisha hodi unataka nini hasa. Wapo wanaoomba wapewe swali la kesho usiku wa leo. Wapo wanaomwambia mwalimu, "Niite kwa jina, nitakuwa tayari." Wapo wanaoomba waruhusiwe kuandika ukurasa mmoja kabla ya darasa uhesabiwe sehemu ya kushiriki. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Kuomba hivyo hakuna aibu.

Na lile la kujenga sentensi mpaka iive ndipo uitoe: nimewauliza vijana waliopita huko, nao wanasema wenzako hawatoi sentensi zilizoiva. Wanafikiri kwa mdomo. Nusu ya wanayosema yanaanguka mezani na hakuna anayeyaokota. Wiki ijayo jaribu kuhesabu tu, usiongee: mangapi yaliyosemwa yalikuwa na uzito, na mangapi yalikuwa "ndiyo, nakubaliana na aliyetangulia"? Wanasema pia kwamba dakika tano za kwanza ndizo rahisi, kabla mazungumzo hayajashika kasi. Anayesubiri dakika ya arobaini anaruka kwenye basi linalokimbia.

Nirudi kwenye mdahalo. Umeutaja kwa nusu sentensi, halafu ukaufuta: "ile ilikuwa shule tu." Mimi siufuti. Msemaji wa mdahalo amesimama mbele ya ukumbi wa wanafunzi wanaozomea. Ni kweli mdahalo na semina ni vitu tofauti: kule unapewa upande, unaandaa hotuba, hapa unatafuta upande huku unasema. Lakini koo ni lile lile.

Na siku ya maziko, mwanangu, siku hiyo ndiyo iliyoniuma. Yule mvulana alisema Afrika hakuna utata. Kenya kuna kesi ambayo watu wa rika langu hatuwezi kuisahau: wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka amzike shambani kwao karibu na Nairobi, ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mahakama zilibishana karibu miezi mitano huku mwili ukiwa mochari. Mke Mkikuyu, mume Mluo, ndoa ya serikali, mila ya ukoo, sheria ya Kiingereza, na nchi nzima inafuatilia gazetini. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Swali la profesa wako, maiti ni ya nani, ya mke, ya serikali au ya ukoo, liliulizwa hapa kwetu mbele ya majaji. Na liliulizwa sebuleni kwenu usiku wa babu yako. Mezani palikuwa na watu kumi na sita na huenda ni wewe peke yako uliyewahi kulala macho kwa ajili ya swali hilo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile wenyeji hawakupona. Sisemi hivi kukulaumu. Nasema kwa sababu umejiona huna cha kuleta, na barua yako mwenyewe inakukanusha. Na kama insha ya mwisho ya muhula inakuruhusu kuchagua mada, sioni kinachozuia usiku ule wa Muheza na Lushoto kuingia ndani yake.

Sasa kuhusu kubaki au kutoka. Siwezi kukuamulia, na ningekuwa na uwezo huo nisingeutumia, kwa sababu atakayeamka asubuhi Ohio ni wewe. Nikuonyeshe tu njia zinapopita.

Kutoka onazi si fedheha. Wako wanaotoka, wakasoma vizuri, wakafaulu. Rafiki yako anapumua, namwamini. Ila ufadhili wake ulifungwa na nini? Wako umesema umefungwa na onazi. Chukua barua ya ufadhili, ile baba aliyoisoma barazani, uisome wewe sasa kama mwanasheria, kisha uiulize ofisi ya misaada ya fedha kwa maandishi: nikitoka onazi, ni kiasi gani kinaondoka, kuanzia muhula gani? Vyuo vingi vina fedha za onazi na fedha za ufaulu wa jumla katika mafungu tofauti. Inawezekana kinachoondoka ni sehemu, inawezekana ni chote. Mpaka upate jibu hilo, ushauri wa yeyote, pamoja na wangu, ni wa gizani. Kurudi onazi baada ya kutoka nako mara nyingi ni kugumu kuliko kuingia mara ya kwanza.

Binamu yako ana hoja, na nisingeitupa. Ukimaliza shahada unaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwenye fani yako kwa miezi 12, na zaidi kama fani ni ya sayansi au hisabati. Ruhusa hiyo haiulizi onazi. Lakini tangu 2011 naye amepita njia yake, na mtu aliyeumia mguu humwambia kila mtu asikimbie. Muulize siku moja yeye mwenyewe aliacha nini, na kama analikumbuka. Usimuulize kwa kumshinda.

Kubaki nako kuna bei. Unaweza kujitahidi na bado ukapata C kwenye semina. Krediti 4 za C, ukiwa na A kwenye hisabati na alama nzuri kwingine, zinaiweka GPA yako wapi? Wewe ni mtoto wa EGM, keti upige hesabu hiyo leo kwa kalamu, maana hofu bila hesabu huvimba. Uliza pia mshauri wa onazi kama wana kipindi cha uangalizi: programu nyingi haziwafukuzi watu kwa muhula mmoja ulioteleza, huwapa muhula au miwili ya kujirudi. Na muulize kama miaka ijayo unaweza kupata sehemu ya krediti za onazi kwa mkataba, yaani kuchukua darasa la kawaida, labda la hisabati, na kukubaliana na mwalimu kufanya kazi ya ziada ihesabiwe onazi. Si kila chuo kinaruhusu, na semina ya mwaka wa kwanza mara nyingi haikwepeki. Lakini kama tatizo ni meza na si akili, kuna milango ya onazi isiyopita mezani. Hatari yake ni kwamba ukiikwepa meza miaka yote minne, utakutana nayo kwenye chumba cha usaili wa kazi.

Jambo dogo: hukusema unafanya kazi saa ngapi kwa wiki. Umetaja saa ishirini kama sheria tu. Ikiwa unakaribia huko ili utume fedha nyumbani, na huku unaniandikia saa nane usiku, basi sehemu ya ububu wako inaweza kuwa usingizi.

Nimelichelewesha la baba kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Kwetu matokeo ya kidato cha sita hutoka hadharani, mwenye namba yako anakuona, jirani anajua kabla hujajua. Baba alizoea hivyo miaka yote ya ualimu. Matokeo ya mtoto ni habari ya mtaa. Huko uliko ni kinyume. Tangu 1974 wana sheria inayompa mwanafunzi wa chuo mwenyewe haki juu ya kumbukumbu zake za masomo, na kwa kawaida chuo hakimfungulii mzazi bila ridhaa yako. Maana yake hakuna atakayemwambia baba isipokuwa wewe. Hilo linakupa kinga, na kinga hiyo ndiyo iliyozaa uongo wa Jumapili, kwa kuwa uliona unawezekana.

Unaamini kwamba akijua ukweli utakuwa umelipoteza shamba. Amekuambia hivyo, au umemsemea? Alisema "shamba limejibu." Mwalimu wa shule ya msingi ameona mamia ya watoto wakianza wakiwa hawajui kushika kalamu. Inawezekana huyo ndiye mtu pekee katika ukoo wenu anayejua kwamba mtoto mwenye akili anaweza kufeli muhula wa kwanza wa kitu kipya. Inawezekana pia ataumia, atanyamaza, na Jumapili mbili hatapiga. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Ameshatangaza barazani na itabidi abebe hilo mbele ya watu, nawe huwezi kumbebea. Kuna wanaosubiri warekebishe kwanza ndipo waseme. Kwako shida ni kwamba A za uongo zinahitaji A nyingine Jumapili ijayo, na Desemba kuna karatasi. Kuna wanaopitia kwa mama, au kwa mjomba anayesikilizwa. Huyo mwalimu wako wa Jiografia naye yupo, aliyekusaidia kuomba chuo. Baba anamheshimu kama mwalimu mwenzake, na huenda lugha yao ya walimu ingesaidia. Unaijua nyumba yenu kuliko mimi.

Ukiamua kumpigia mwenyewe, labda usianze na alama. Mweleze meza. Mwambie kuna darasa watu wanakaa wakiizunguka meza na mwalimu ananyamaza ili wanafunzi waseme, na kwamba ulikuwa na habari ya babu yako, baba yake yeye, mdomoni, na haikutoka. Muulize usiku ule wa Muheza na Lushoto ulikwendaje. Ulikuwa mdogo, yeye ndiye aliyekuwa sebuleni. Kisha mwambie zile A.

Na ofisi ya wanafunzi wa kigeni usiiache mpaka wiki ya mwisho. Kunakuwa na foleni ya kila aliyechelewa kama wewe. Saa za Ohio zinarudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba. Kabla ya hapo, baba akitoka kuswali Isha saa mbili na nusu usiku, kwako ni saa saba na nusu mchana. Baada ya hapo ni saa sita na nusu. Niandikie uniambie alisema nini kuhusu Lushoto.

Shangazi yako.